Kadi ya Vidonge Vitatu

Siku hizi nikisikia cherehani ya kukanyaga kwa miguu ikifanya kazi mahali, nasimama. Hata kama nimechelewa kazini, nasimama. Si sauti ya kusikika kila siku tena, maana mafundi wengi wana mashine za umeme ambazo zinalalamika tu kutwa nzima. Cherehani ya kukanyaga ina sauti ya utulivu, na sauti hiyo ndiyo iliyonilea.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi cherehani. Tuliishi watatu, yeye, mama na mimi, katika nyumba ya vyumba vitatu, na chumba cha mbele kilichotazama barabara ndicho kilichokuwa duka lake. Mama alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Aliondoka asubuhi na mapema, akarudi jioni akinukia hivi kwamba hatukuhitaji kugeuka ili kujua nani ameingia. Mimi nikitoka shule nilipitia dukani moja kwa moja, nikasukuma mkoba chini ya meza ya kukatia, nikachukua sumaku na kuanza kazi yangu ya kuokota pini sakafuni. Ndiyo maana babu aliniita Pini. Wateja nao wakanipokea kwa jina hilohilo, na mpaka leo kuna watu wazima wenye mvi ambao hawajui kama nina jina jingine.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, Pini. Umerudi na akili zako au umezisahau shuleni?"

"Nimerudi nazo."

"Haya, ziweke karibu. Kuna sindano hapa inanikataa, nitungie uzi."

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na mdomo wa mtu wa miaka arobaini. Mama alikuwa akisema hivyo, wala hakuwa akinisifu. Lakini mbele ya babu nilikaa kimya na kusikiliza, kwa sababu babu alijua ufundi, na alipenda kuueleza.

Kwa mfano, cherehani ikianza kuruka mishono, mafundi wengine hubadilisha sindano, hubadilisha uzi na kukaza skrubu, vyote kwa wakati mmoja. Babu aliwacheka sana watu hao. "Fundi wa kweli hagusi vitu viwili kwa mkupuo," alisema. "Badilisha sindano, shona kipande uone. Bado inaruka? Rudisha sindano yako, sasa jaribu uzi. Ukigusa vyote pamoja mashine itapona, sawa, lakini hutajua ilikuwa inaumwa nini. Kesho ikiumwa tena utaanza upya kama mjinga." Neno hilo nililiamini kuliko jedwali la kuzidisha.

Mwaka ule, sauti ya cherehani ikaanza kukatika. Babu alikanyaga kidogo, akaacha. Akashika kifua, akavuta pumzi, akakanyaga tena, akaacha. Nikimuuliza anasema joto. Siku za baridi nazo akasema joto. Tarishi aliyetuletea barua, mtu wa utani sana, akasimama mlangoni siku moja akauliza, "Mzee, suruali yangu ina wiki ya tatu sasa. Unaishona au unaiombea dua?" Babu alicheka, lakini nilimwona jasho likimtoka kwenye paji la uso, na sikupenda.

Wiki ileile aliinuka kwenda kuchukua pasi, akayumba, akakaa chini sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa. Nilipiga kelele hadi jirani muuza viatu akaja mbio na kiatu kimoja mkononi. Jioni mama aliporudi na kusikia habari, hakuvua hata viatu. Alisema, "Kesho hospitali, na sitaki kusikia habari za joto."

Daktari wa moyo alikuwa mama mfupi mwenye sauti kubwa. Alimlaza babu, wakambandika nyaya kifuani, na mashine ikachora mistari kwenye karatasi ndefu. Alituonyesha. Vile vilima vidogo kwenye mstari vilipaswa kuachana kwa nafasi sawa, lakini vya babu vingine vilibanana na vingine vilikaa mbalimbali. Hata mimi niliona.

"Moyo una vyumba vinne," daktari alisema. "Viwili vya juu vinatakiwa kubana na kuachia kwa mpangilio. Vya mzee havibani vizuri, vinatetemeka tu, ndiyo maana mapigo yake yanakwenda mbio tena ovyo ovyo. Tutatumia njia kadhaa kwa pamoja. Kuna vidonge vitatu vya kumeza kila siku. Sigara, mwisho leo. Atatembea kila asubuhi taratibu. Halafu baada ya wiki nne atarudi hapa, tutamlaza usingizi na kuushtua moyo wake kwa umeme kidogo, urudi kwenye mpigo wake."

Babu alisikia neno moja tu, umeme. Macho yakamng'aa. "Kumbe mna mashine!" akasema.

Daktari alianza kueleza kazi ya kila kidonge, lakini hapo mama akanituma nikashike nafasi kwenye foleni ya dirisha la dawa. Kwa hiyo maelezo yale sikuyasikia. Babu aliyasikia, akatikisa kichwa kila baada ya sentensi, naye akili yake yote ilikuwa kwenye ule umeme. Tulipokuwa tunaondoka daktari alinipa kadi yenye miraba, safu tatu za siku ishirini na nane. Kila babu akimeza kidonge, niweke tiki. "Wewe ndiye katibu wa moyo wa babu yako," aliniambia. Nilitembea hadi nyumbani nimeinua kidevu.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kila asubuhi baada ya chai babu alimeza kidonge cheupe, cha manjano na cha waridi, nami nikaweka tiki tatu kwa kalamu ya wino. Kisha ukaja mkasa wa kola.

Babu alikuwa anashona kwa mkono kola ya blauzi nyeupe ya muuguzi. Akajichoma kidole. Fundi kujichoma ni jambo la kila siku, ananyonya kidole na kuendelea. Safari hii damu haikukatika. Alinyonya, ikatoka. Alifunga kitambaa, ikapenya. Kabla hajasogeza blauzi, matone matatu yalikuwa yameshaangukia kwenye kola. Mafundi wana dawa yao ya doa la damu: unatafuna uzi mweupe hadi ulowe mate yako mwenyewe, unagongagonga doa taratibu. Babu alitafuna uzi hadi taya likachoka. Doa likabaki. Akaifumua kola nzima na kukata nyingine, midomo ameibana.

Kesho yake asubuhi, mama alipokwisha kuondoka, babu aliweka vidonge vyote vitatu mezani akavitazama kwa muda mrefu.

"Pini, sisi tunakosea."

"Tunakosea nini, Babu?"

"Tunagusa vitu vitatu kwa mkupuo. Nikipona, nitajuaje ni kipi kilichoniponya? Na hii damu isiyokatika, nitajuaje ni kipi kinachoileta?" Alivitenganisha kwa ncha ya mkasi. "Tutavipima. Tuanze na cheupe peke yake."

Mnaona? Ilikuwa hoja safi. Ilikuwa hoja ileile niliyofundishwa tangu nijue kutembea.

"Na kadi?" nikauliza.

"Kadi weka tiki zote. Yule daktari ana wagonjwa wengi, tusimchoshe na mambo ya ufundi."

Nikaweka tiki tatu. Nawaambieni ukweli, nilifurahi. Nilijiona fundi mwenzake, tuna siri yetu, na mama hajui. Utamu wa siri kama ile huwezi kuueleza.

Basi tukapima. Wiki nzima cheupe peke yake, na babu akasema hajambo. Tukajaribu cha manjano peke yake, lakini siku ya pili moyo ukamwenda mbio hadi akashindwa kufungua mlango wa duka, tukarudisha cheupe haraka. "Umeona?" alisema huku anahema, amefurahi kweli. "Cheupe kinafanya kazi!" Cha manjano alikiacha kibaki kwa sababu pakiti yake iliandikwa presha, na presha aliiogopa, ilimwondoa dada yake. Lakini cha waridi? Siku zote asizokimeza hakuona tofauti yoyote. Alijichoma kidole, damu ikakatika kama zamani. "Hiki ni cha mapambo," akatoa hukumu. Vyote vya waridi alivyokuwa ameviacha, na kila kimoja cha asubuhi kuanzia hapo, alivitumbukiza katika kopo la vifungo vya waridi, na mama asingeviona hata angetafuta kwa tochi.

Kila jioni mama aliuliza, "Babu yako amemeza dawa?"

"Kadi hii hapa, mama."

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Niliiacha kadi inisemee. Nilidhani huo ni ujanja, na kwamba mtu asiyefungua mdomo hawezi kuitwa mwongo.

Siku ya umeme ikafika. Babu alijipigia pasi koti mwenyewe. Alikuwa ameshawatangazia wateja wote kwamba atarudi na moyo wa kijana, na mezani kulikuwa na rundo la vitambaa vya sare za shule alivyokwisha kukata, vinamsubiri. Miezi ile alikuwa hawezi kukanyaga cherehani zaidi ya dakika kumi. Nilimsikia akimwambia tarishi, polepole, asijue kwamba nasikiliza, "Nikishindwa kushona, mimi ni nani?" Kwa hiyo mniwie radhi mkiona nilikawia kusema. Nilijua anavyoitamani siku ile.

Hospitali walimvisha gauni la kufungwa kwa nyuma. Babu aligeuza pindo lake akalitazama. "Aliyeshona hili alikuwa na hasira na mtu," akasema, na muuguzi akacheka. Mama akacheka. Mimi pia nilicheka. Daktari akaingia na sauti yake, akaomba kadi.

Aliipitia mstari kwa mstari. "Miraba themanini na minne, yote imejaa!" alisema. "Katibu, hongera. Nikiwa na wagonjwa kumi wenye mjukuu kama wewe nitalala usingizi." Kisha akamgeukia mama. "Si kwamba napenda makaratasi, dada. Chumba cha juu cha moyo kikitetemeka tu, damu inazubaa mle ndani na inaweza kuganda donge. Kidonge cha waridi kinazuia hilo. Kama mtu hajakimeza sawasawa wiki tatu, halafu mimi nikaushtua moyo ukaanza kupiga vizuri, unaweza kulisukuma lile donge likapanda hadi kwenye ubongo. Hapo ni kiharusi. Mtu ameingia hapa anatembea, anatoka hajui hata jina lake. Lakini ninyi mmefanya kazi nzuri."

Nilimtazama babu. Babu alikuwa anatazama pindo la gauni, anavuta uzi uliolegea, hainui macho.

Nilingoja aseme. Muuguzi alikuwa ameshaanza kusafisha mkono wake kwa ajili ya sindano ya usingizi. Nilikumbuka kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu alikuwa ameniambia niweke tiki. Nilikumbuka siri yetu. Nilikumbuka pia lile neno la daktari, hajui hata jina lake, nikamwona babu amekaa dukani ananitazama hajui mimi ni Pini.

"Daktari," nikasema, "hiyo kadi ni ya uongo."

Daktari aliinua macho kutoka kwenye kadi.

"Msimsikilize," babu akasema haraka. "Mtoto amelewa harufu ya dawa. Hajazoea hospitali."

"Babu, viko kwenye kopo la vifungo!" Nilikuwa nalia sasa, na sikujali. "Vidonge ishirini na kimoja. Nimevihesabu. Cha waridi hujakimeza wiki tatu, na mimi ndiye niliyeweka tiki. Usimpe umeme, daktari, nakuomba."

Mama alishika ukingo wa kitanda. Muuguzi akaweka sindano chini. Daktari hakupiga kelele, na kwa sauti yake ile angeweza. Alivuta kiti akakaa karibu na babu, akauliza tu, "Mzee, ni kweli?"

Babu aliuachia ule uzi wa pindo. Mwishowe akasema, "Nilikuwa navipima." Akaeleza habari yote, cherehani inayoruka mishono, sindano, uzi, skrubu, na kola ya blauzi ya muuguzi. Daktari alimsikiliza hadi mwisho.

"Hoja yako ni nzuri sana," alisema, "kwa cherehani. Cherehani ukiiacha wazi wiki nzima unajaribu hiki na kile, inakusubiri. Moyo haukusubiri, mzee wangu. Halafu hiki cha waridi hakikuumbwa kukufanya ujisikie vizuri. Kazi yake ni kuzuia jambo baya lisitokee. Sasa jambo ambalo halijatokea, utalipimaje kwa kujisikia?"

Babu alikitazama kile kidole alichojichoma.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," daktari akaendelea. "Cheupe kinapunguza mbio za moyo. Cha manjano kinashusha presha ili moyo usichoke. Cha waridi kinaulinda ubongo wako. Umeme unarudisha mpigo, na kutembea na kuacha sigara kunausaidia mpigo ukae. Ukiondoa kimoja, vilivyobaki haviwezi kufanya kazi yake. Na damu ikikusumbua, njoo uniambie! Fundi akipewa suruali inayombana mteja, si anataka aambiwe?"

"Anataka," babu akajibu kwa sauti ndogo.

"Leo hakuna umeme. Wiki tatu upya, tunaanza kesho."

Tulirudi nyumbani. Jioni mama aliniita jikoni. Alinikumbatia kwa nguvu hadi mbavu zikauma, kisha akanisukuma mbali kidogo anitazame usoni.

"Nimekushukuru, sasa nakugombeza. Leo umesema kweli, umemwokoa baba yangu. Lakini ulikuwa na siku ishirini na moja za kusema, na kila jioni nilikuuliza. Ukanionyesha kadi. Uongo wa kuonyesha na uongo wa kusema ni mtu na ndugu yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Kugombezwa na mama hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni babu. Siku mbili nzima hakuniita. Nilitoka shule, nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuuliza habari za akili zangu. Niliokota pini zote hadi sakafu ikaisha pini, nikazimwaga na kuziokota tena ili nipate sababu ya kubaki pale. Nawaambia, siku mbili zile zilikuwa ndefu kuliko likizo.

Siku ya tatu asubuhi nikasikia, "Pini."

"Abee, Babu."

"Njoo na kadi."

Ilikuwa kadi mpya, ambayo siku mbili za kwanza mama ndiye aliyeijaza. Alimeza cheupe, akameza cha manjano, akakishika cha waridi kati ya vidole viwili. "Nilikukasirikia," alisema. "Usidhani ni kwa sababu ulisema. Ni kwa sababu mtoto alisema kabla yangu, nami nilikuwa nimelala pale na mdomo wangu mzima." Akakimeza, akanisubiri niweke tiki. "Haya, nitungie uzi. Macho yangu leo hayana adabu."

Wiki zile tatu nazikumbuka kuliko sikukuu zote za utotoni mwangu. Asubuhi kabla ya shule tulitembea pamoja hadi mwisho wa barabara na kurudi, yeye akisalimiana na kila mtu ili apate pa kupumzika bila kukiri kwamba amechoka. Pakiti ya sigara alimpa tarishi, kisha akamfuata akamnyang'anya na kuitupa jalalani, eti naye ana moyo. Kwa kuwa hakuweza kukanyaga cherehani sana, alikaa kwenye kiti akishona pindo kwa mkono, na safari hii alivaa kastabani, kile kikofia cha chuma cha kidoleni, ambacho maisha yake yote alikidharau na kusema ni cha wanafunzi. Akijichoma, alikandamiza kidole kwa kitambaa safi dakika nzima kama daktari alivyomwelekeza, damu ikakata. Alinifundisha kushona vifungo siku zile. Vyangu vya kwanza vilitazama pande zote za dunia, na babu alivifumua bila kunicheka, ila mara moja tu, alipokuta nimeshona kifungo pamoja na sketi yangu mwenyewe.

Jumanne ya wiki ya pili mama alikuwa kwenye zamu mbili, nami nilikuwa kwa shangazi tangu Jumatatu jioni kwa ajili ya michezo ya shule iliyokuwa karibu na kwao. Jumatano asubuhi niliporudi nikakuta vidonge vitatu vya Jumanne vimekaa mezani kama nilivyoviacha. Babu alikuwa amesahau. Nilifungua kalamu. Miraba mitatu mitupu ilinitazama, na ningeweza kuijaza kwa sekunde tatu. Nilifunga kalamu, nikaiacha miraba wazi. Babu alikuwa ananiangalia kutoka kwenye kiti chake, akarudi kwenye pindo lake.

Siku ya kurudi hospitali nilikuwa na hofu kuliko mara ya kwanza. Nilijua pengo lile linaweza kuturudisha nyumbani tena. Vitambaa vya sare vilikuwa bado mezani, shule ilikuwa kwenye likizo fupi na imebakiza siku chache kufunguliwa, na babu alikuwa ameanza kusema labda awape mafundi wengine. Daktari akaingia, akanyoosha mkono aombe kadi. Nikavuta pumzi niseme.

"Daktari," babu akasema kabla yangu, "kuna pengo. Jumanne ya wiki ya pili. Sikumeza hata kimoja, nilisahau. Mtoto hakuwepo, kosa ni langu. Kama ni kurudi, tutarudi."

Mama aligeuka akamtazama kama anayemwona mara ya kwanza. Daktari aliangalia kadi, akaangalia babu, akafikiri kidogo. "Hatutarudi," alisema. "Lakini kwa kuwa umeniambia, kuna kipimo cha kutazama ndani ya moyo nisichokuwa na mpango nacho leo. Nitakifanya kwanza. Nikiona hakuna donge, tunaendelea. Nikiliona, umeme tunaahirisha. Vyovyote vile, utabaki salama."

Tulikaa kwenye benchi la nje, mama na mimi, tumeshikana mikono. Saa ile ilikuwa nzito. Kisha mlango ukafunguliwa na daktari akatuita kwa tabasamu, akasema donge halikuwepo na umeme umefanya kazi. Babu alikuwa anaamka, macho mazito, mkono kifuani. Nikamuuliza anajisikiaje. Alifumba macho, anasikiliza ndani yake.

"Kimya," akasema. "Kumetulia humu. Nilikuwa nimesahau kwamba kunaweza kutulia." Machozi yakamtoka, nasi yakatutoka, na muuguzi naye akajifanya ana vumbi jichoni.

Haikuchukua hata saa moja akamuuliza daktari kwa sauti ya upole mno, "Basi sasa moyo umeshapona, hivi vidonge..." Daktari aliinua kidole kimoja tu. "Moyo unaweza kurudia tabia yake, mzee. Unaendelea navyo, na cha waridi usikiache hata siku moja mpaka nikwambie mimi." Babu akasema, "Nilikuwa nauliza tu."

Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya siku hiyo. Sare za shule zilimalizika siku moja kabla ya kufungua, na moja yao niliivaa mimi. Moyo ulirudia tabia yake mara mbili, na mara zote mbili alivaa koti akaenda hospitali kwa miguu yake, hakungoja kusukumwa. Vidonge aliendelea kuvimeza na kuvilalamikia hadi mwisho.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni jioni tuliyorudi naye nyumbani. Alikaa kwenye kiti chake cha dukani, mama amesimama mlangoni, akaniambia nilete kadi zote mbili. Akaziweka mezani ubavu kwa ubavu, ile ya kwanza iliyojaa tiki na ile ya pili yenye pengo, akazinyoosha kwa kiganja kama anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukata.

"Itazame hii iliyojaa, Pini. Ni nzuri, inapendeza, daktari aliisifu, nayo ilikaribia kuniua. Hii yenye pengo ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Daktari ana dawa nyingi, na zote nilizihitaji, lakini hakuna hata moja ambayo ingenisaidia kama asingejua ukweli wangu. Kwa hiyo mtu akikuuliza jambo kwa ajili ya kukusaidia, mjukuu wangu, mwambie lilivyo. Hata kama ni mimi niliyekuambia unyamaze."